Mtu wa Kiti cha Pili

Baba mdogo wangu ni kinyozi, na ana roho mbaya. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifu. Mtaani wanamwita Wastani, kwa sababu ukimkuta anabishana, na utamkuta anabishana, neno hilo halikai mbali na mdomo wake. Wastani wa fulani ni hamsini na tatu, wastani wa fulani ni arobaini na saba, sasa wewe unaniambia nini? Kusalimia hajui. Kucheka hacheki mpaka mtu mwingine akosee. Hata kichwa cha mteja anakishika kama mtu anayekagua nyanya sokoni, anatafuta palipooza.

Duka la kunyoa ni lao wawili, yeye na baba, waliachiwa na babu. Ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo uliopasuka kona ya chini, viti viwili vya chuma vya kuzunguka, kioo kirefu cha ukutani na rafu ya mashine, poda na spiriti. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko humo humo, upande wa dirishani, kwa kuwa baba alisema kulipia chumba kingine wakati nafasi ipo ni wazimu. Kwa hiyo nimeshona magauni ya watu huku nikiyakung'uta nywele za watu wengine, na nimesikia habari nyingi za kriketi kuliko mwanamke yeyote ninayemjua, bila kuziomba.

Kazi waliigawana tangu enzi za babu: mkubwa ananyoa, mdogo anamalizia. Mteja anakaa kiti cha kwanza, baba anapitisha mashine, anampa mtindo, anampigia soga mpaka mtu anasahau alikuja na shida gani. Kisha mteja anahamia kiti cha pili, na hapo baba mdogo anachukua wembe. Anachonga pembeni, anasafisha shingo, ananyoosha ndevu, anaondoa zile nywele za nyuma ya sikio ambazo baba hakuziona kwa sababu alikuwa anaongea. Mteja akisimama mlangoni, anamgeukia baba. "Mzee, leo umenitengeneza kweli." Baba anainua mkono kama waziri. Baba mdogo anakung'uta kitambaa chake.

Sasa hiyo kriketi. Babu alikuwa akiwanyoa wachezaji wa klabu iliyokuwa jirani, ugonjwa akautoa huko akawaambukiza wanawe. Wao walishabikia ile ya siku moja tu, ambayo kila timu inarushiwa ova hamsini, yaani mafungu hamsini ya mipira sita sita, na kabla ya giza mshindi anajulikana. Ile ya siku tano walisema ni ya watu wasio na kazi. Swali lao lilikuwa moja, na waliliuliza tangu mimi sijaota meno: katika kriketi ya siku moja, tangu ianze, nani mchezaji bora kuliko wote?

Baba alikuwa na Richards. Alimzungumzia kama mtu aliyekula naye sahani moja. Anaingia uwanjani polepole, hana kofia ngumu, anatafuna chingamu, na mrusha mpira mwenyewe ndiye anayetetemeka. Siku moja kule Uingereza wenzake walitolewa mmoja baada ya mwingine, akabaki na mwenzake wa mwisho, mrushaji asiyejua kupiga, akafunga mikimbio mia moja themanini na tisa bila kutolewa. Baba alikuwa akifika hapo anajipiga gotini kwa kiganja. "Wastani haukwambii nani alimwogopa nani," alikuwa akisema, na mteja chini ya mashine anaitikia, kwani afanyeje?

Baba mdogo alikuwa na Bevan. Watu wengi hawamkumbuki Bevan, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Bevan alikuwa anaingia chini kabisa kwenye orodha, wakati wakubwa wameshaharibu, mikimbio inatakiwa na ova zinaisha. Hana mbwembwe. Anakusanya moja, anakusanya mbili, mpaka mechi inaisha na timu yake imeshinda. Mwaka mpya mmoja alihitaji mikimbio minne kwenye mpira wa mwisho kabisa, akaipata. Wastani wake, yaani mikimbio yote igawanywe kwa mara alizotolewa, ni hamsini na tatu na ushee, wakati wa Richards ni arobaini na saba.

"Wastani wa kujificha," baba alikuwa anamjibu. "Mtu akibaki hajatolewa, hesabu haimgawanyi. Huyo wako alikuwa anabaki mwisho, anakusanya makombo, anaita chakula."

"Anabaki kwa sababu hatoki. Huyo wako angebaki, nani angemkataza?"

Hapo ndipo walipofikia, na hapo ndipo walipokaa kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtoto wa chekechea angeona wanagombania nini. Baba alimpenda mtu anayeingia mapema akashangiliwa. Baba mdogo alimpenda mtu anayemalizia kazi ya wenzake na jina lake likasahaulika. Nilimwambia mama hivyo, mama akanijibu nisiwe na akili nyingi, ni kriketi tu. Mimi nilijua siyo kriketi tu. Baba mdogo alikuwa anataka kitu kimoja hapa duniani: kaka yake aseme, mara moja, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Na baba, ambaye angeweza kumpa mpita njia shati alilovaa, hilo hakumpa.

Ubishi ukala kila kitu. Ilifika mahali wakawa hawazungumzi jambo lingine. Richards na Bevan waliwazungumzia uso kwa uso, lakini habari za maisha zilipitia kwangu. "Mwambie baba yako spiriti imeisha." Baba yuko hatua mbili kutoka pale, anasikia. "Mwambie baba mdogo wako anunue, mikono anayo." Wateja walicheka mwanzoni. Mmoja, mzee wa duka la vioo, akawaambia wasemavyo wahenga, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Baba mdogo akamuuliza kama jembe analo.

Walikuwa wanaungana kwa jambo moja tu: mtu akitaja jina la tatu. Dereva wa lori aliwahi kusema bora ni Tendulkar, mikimbio zaidi ya elfu kumi na nane, hakuna wa kumfikia. Baba akasema hata saa mbovu ikikaa ukutani muda mrefu itaonyesha saa nyingi. Baba mdogo akasema wastani arobaini na nne, hebu tuheshimiane. Yule dereva alitoka mle hajanyolewa ndevu. Na mimi siku moja nilijitia kimbelembele. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanamke, nahodha wa Australia, alivuka mikimbio mia mbili kwenye mechi moja mwaka tisini na saba, na mwanamume wa kwanza kufika hapo alisubiriwa mpaka elfu mbili na kumi. Nikawaambia. Wakanigeukia wote wawili kwa pamoja, uso mmoja, wakaniambia nishone.

Jumatatu duka lilikuwa halifunguliwi. Kinyozi hajinyoi, na hakuna kati yao ambaye angekubali kuguswa na kinyozi wa mtaa mwingine. Wangeona ni sawa na mpishi kwenda kuomba chakula kwa jirani. Kwa hiyo Jumatatu walinyoana. Nilikuwa nakuja kumalizia kazi zangu, nawakuta. Baba kakaa kiti cha pili, kichwa nyuma, povu shingoni, na mdogo wake kasimama juu yake na wembe.

"Kubali," baba mdogo anasema.

"Kata," baba anamjibu, macho kafumba. "Kata tukapumzike. Nitakufa na Richards wangu."

Baba mdogo anakata ndevu, siyo koo, na hajawahi kumtoa baba hata tone la damu. Kisha wanabadilishana. Nilikuwa nawatazama nikisema moyoni, hawa watu hawaivi chungu kimoja, lakini hakuna mwingine aliyekubali kupika nao.

Siku baba alipoanguka ilikuwa ya kawaida. Kiti cha kwanza alikaa fundi bomba wa mtaa wa nyuma, nusu ya kichwa imeshapitiwa. Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba baba mdogo aliuvuka mpaka ambao hata wao hawakuwa wameuvuka.

"Huyo Richards wako ni kama wewe," alisema. "Makofi ya mwanzo yako. Uchafu wa mwisho wa wengine."

Uso wa baba ukazimika. "Na wewe ni kama huyo wako. Wastani wako mzuri kwa sababu hujawahi kuthubutu kitu."

Baba mdogo akafungua mdomo kujibu. Baba naye alikuwa anaendelea kusema, ila maneno yalitoka yamelegea, kisha mdomo ukaenda upande, na mashine ikamponyoka. Ilianguka chini ikaendelea kunguruma kwenye nywele. Baba akafuata.

Nilipiga kelele, majirani wakaja, yule mzee wa vioo akaleta gari lake. Tukambeba baba, mimi nimeshika miguu. Nilipogeuka mlangoni kumwita baba mdogo, nilimwona ameiokota mashine, ameifuta, na anamalizia kichwa cha fundi bomba. Ndugu yake yuko mikononi mwa watu, yeye ananyoa. Fundi bomba mwenyewe alikuwa ametoa macho, hajui ainuke au akae. Hilo nililiona kwa macho yangu, na kuanzia siku hiyo nilimchukia baba mdogo chuki isiyotiwa hata tone la maji.

Kiharusi kilimchukua baba upande wa kulia na kikamchukua na maneno. Daktari alisema akili iko, anasikia, anaelewa, tumzungumzishe. Tukamrudisha nyumbani, tukamlaza kwenye chumba cha mbele chenye mwanga. Baba mdogo hakuja hospitali. Nyumbani hakuja. Nilisikia anafungua duka kila siku, na mimi cherehani nikaihamishia barazani kwetu nisimwone.

Kilichotutisha siyo mguu wala mkono. Baba alianza kukubali. Mtu ambaye maisha yake yote chai ilikuwa ya moto mno au ya baridi mno, sasa ukimwuliza chochote anaitikia kwa kichwa. Tukufunike? Anaitikia. Tukufunue? Anaitikia. Redio tuzime? Ndiyo. Tuwashe? Ndiyo. Nilijaribu kumchokoza, nikamwambia baba, kesho nauza viti vya duka, vyote viwili. Akaniangalia kwa upole, akaitikia. Niliingia jikoni nikalia.

Ndevu zilikuwa zimemjaa. Mama akamwuliza, "Baba watoto, nimwite yule kinyozi wa mtaa wa pili aje akunyoe?" Alimwuliza kwa hila, alitaka akasirike. Baba akaitikia. Mama akatoka nje akanishika mkono.

"Mtu akishakubali kila kitu ameshafunga mizigo," akasema. "Nenda kamlete baba mdogo wako."

"Siendi, mama. Yeye ndiye aliyemuangusha."

"Sijakuuliza nani kamuangusha. Nimekuambia nenda."

Nikaenda na maneno yangu yamepangwa. Nilimkuta peke yake. Kiti cha kwanza alikifunika shuka, na wateja alikuwa anawaanzia na kuwamalizia kwenye kiti chake. Hakunitazama usoni, alinitazama kwenye kioo.

"Mama anakuita ukamnyoe baba," nikasema. "Mimi ningekuwa na hiari, ningemwita mbwa kwanza."

"Najua."

"Uliendelea kunyoa. Kaka yako anakufa, wewe unanyoa."

Alikuwa anafuta wembe, akaendelea kuufuta. "Kichwa kilikuwa nusu," akasema. "Yeye ananyoa, mimi namalizia. Sikujua kufanya kitu kingine, mwanangu. Mpaka leo sijui."

"Na hospitali? Na nyumbani?"

"Nilifika mpaka getini pale hospitali. Nikasema nikiingia, akiniona, hasira itamuua kabisa."

Nilitaka kumwambia kwamba baba hana tena hasira. Sikumwambia. Nilisema moyoni, acha akajionee.

Alikuja na mkoba wake. Mama akampokea, "Karibu, shemeji," akamwekea beseni la maji ya moto na kiti. Baba mdogo hakusema pole. Alimfunga kaka yake kitambaa shingoni, akapaka povu, akaanza shavu la kushoto, lile lililo hai. Baba alikuwa anamtazama. Chumbani ilisikika sauti ya wembe tu, na mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono, namngoja akosee.

Shavu moja lilipoisha, akasuuza wembe. Akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa, "Bevan."

Baba akamtazama.

"Nasema mchezaji bora wa siku moja, tangu ianze, ni Bevan. Siyo huyo wako. Unasemaje?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

Niliona mkono wa baba mdogo ukisimama hewani. Hicho ndicho alichokitafuta tangu ana nywele nyeusi. Nilingoja acheke. Nilijiandaa, akicheka nimrukie.

"Hujanisikia vizuri," akasema. "Richards ni wa pili. Bevan ni wa kwanza. Ndivyo?"

Baba akaitikia tena, pole pole, na macho yake hayakuwa na kitu.

Baba mdogo akageuka. "Shemeji, anafanya hivi kwa kila jambo?"

"Kila jambo," mama akasema. "Tangu tutoke hospitali."

Akauweka wembe kwenye beseni. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na nilidhani sasa atalia, lakini alichokuwa nacho kilikuwa hasira. Sijawahi kumwona na hasira ile hata siku za ugomvi mkubwa.

"Usinihurumie," akamwambia baba. "Mimi siyo ombaomba. Umekubali? Haya, na ile mia themanini na tisa utaipeleka wapi? Wenzake wote wametoka. Kabaki na mrushaji anayeshika gongo la kupigia kama fagio. Utaiacha iende hivi hivi, bure? Hana kofia ngumu, kaka. Mpira unapita puani, yeye anatafuna chingamu. Nani mwingine? Bevan? Bevan aliwahi kumtisha nani? Wastani haukwambii nani alimwogopa nani. Mtu anabaki mwisho, anakusanya makombo, anaita chakula. Ni maneno yako hayo. Yaseme."

Akajipiga gotini kwa kiganja kama baba alivyokuwa akijipiga. Nilishtuka. Alikuwa nayo yote, neno kwa neno, mpaka pumzi za baba alijua zinakaa wapi. Miaka yote ile nilidhani kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake anyamaze ili aseme ya kwake. Kumbe huyu alikuwa anasikiliza.

Baba mdogo akainama mpaka usoni kwa baba, povu la shavu la pili linakaribia kumgusa.

"Mimi ndiye niliyekosea," akasema. "Sikia. Bora ni Richards. Nimekubali, kaka. Umeshinda. Richards."

Kitu kikapita machoni mwa baba. Kichwa kikaenda upande mmoja wa mto, taratibu, povu likajipaka kwenye foronya. Kisha kikarudi, kikaenda upande wa pili.

Mama aliyekuwa ameshika taulo akabaki ameishika.

"Nini?" baba mdogo akauliza. "Siyo Richards?"

Kichwa kikaenda huku. Kikaenda kule. Hapana.

"Sasa nimekukubalia, bado unakataa?"

Mdomo wa baba ukahangaika. Halikutoka neno, ulitoka mkoromo tu, wa kiburi, na sisi wote watatu tuliujua ule mkoromo. Mama akakaa kitandani, akafunika uso kwa taulo.

"Mbishi," baba mdogo akasema, na kidevu kilikuwa kinamcheza. "Mbishi wewe tangu tumboni. Yaani unamchukua Bevan wangu ili tu usikubaliane na mimi." Akautoa wembe kwenye maji, akaukung'uta. "Haya. Geuza shavu."

Baba akakaza shingo, hakugeuza.

Baba mdogo akachukua beseni lake, akazunguka kitanda, akaenda kumalizia upande wa pili.